Alama Kumi na Tano

Mimi ndiye niliyemwosha. Nalisema hili mwanzo kabisa ili mtu asihangaike kutafuta mkosaji, maana hapa Wirrabilla, mji wetu mdogo wa Australia, hata mvua ikigoma watu hutafuta mkosaji. Si daktari, si Kel bosi wetu, wala si ndugu yangu mwenyewe. Ni mimi, Rhonda Pengelly, mwenye miaka sitini na sita, mpishi wa kundi la wanyoa kondoo. Mimi na sabuni yangu.

Kwetu mtu haendi kwa daktari akiwa mchafu. Mama alitulea hivyo. Baba alipoanguka na farasi akavunjika mguu, Mama alimlaza kwanza barazani, akamsugua miguu yote miwili na kumkata kucha, huku Baba akiutukana ukoo mzima wa wakwe zake, ndipo akampakia kwenye gari. Daktari hakusema lolote kuhusu zile kucha. Mama hakumsamehe daktari yule mpaka anaingia kaburini.

Ndugu yangu anaitwa Mervyn, lakini ukimwita hivyo atadhani ni polisi. Mwite Merv. Ana miaka sitini na miwili. Alianza kunyoa kondoo akiwa na miaka kumi na sita, wiki moja baada ya kuacha shule, na shule haikulia. Alikuwa mzito wa kusoma, mwalimu akimsimamisha mbele ya darasa anapauka midomo. Lakini mpe kondoo na mashine ya kunyolea uone. Sufu ilitoka nzima nzima kama koti linalovuliwa, na kondoo akaondoka zake hajui kilichompata. Siku zake nzuri alinyoa mia mbili kwa siku. Kwenye banda la shamba la Kooronga, ambalo ni kubwa kuliko yote huku kwetu, alisimama nafasi namba mbili, nafasi aliyosimama Baba, na jina la Baba limechongwa ukutani hapo kwa kisu. Miaka thelathini na tisa Merv alinyoa akilitazama jina hilo.

Ugonjwa ulimwanza akiwa na miaka ishirini na sita, mwaka aliokufa Baba. Kwanza viwiko, baka jekundu kila upande, juu yake magamba meupe. Tukadhani ni jua. Halafu kichwani, mgongoni, kwenye miundi ya miguu. Daktari wa hapa mjini akasema ni soriasisi, kwamba haiambukizi na kwamba haiponi. Watu walisikia nusu ya pili tu. Baani wakawa wanamwachia kiti chake peke yake, eti kwa heshima. Merv hakuoa. Alikuwapo mwanamke mmoja, Colleen, mwema kweli, aliyekuwa akikung'uta shuka kila asubuhi bila neno, na Merv ndiye aliyemfukuza kwa sababu hakuweza kuvumilia kumtazama akizikung'uta. Aliniambia hilo mara moja tu, tukiwa tunamenya viazi.

Kilichombakiza kati ya watu ni kondoo. Sufu ina mafuta yake, yananata, yananuka, na mnyoaji huogelea humo kutwa. Mikono ya wanyoaji ni laini kuliko ya watoto. Kwa Merv yale mafuta yalikuwa dawa. Mwisho wa wiki tatu za kazi mabaka ya mikononi na miguuni yalikuwa yamelainika na kufifia, magamba yameisha. Akipumzika mwezi, yote yanarudi. Kwa hiyo hakupumzika. Kwato zilimkwaruza, na kila mkwaruzo ukageuka baka jipya, lakini mafuta yakalilainisha na hilo pia. Ugonjwa na dawa yake vilikaa zizi moja.

Mambo yalibadilika miaka mitatu iliyopita, viganja vilipoanza kupasuka. Hapo mafuta ya sufu hayakufua dafu, maana mashine inapata moto na inasugua palepale. Nyufa zikawa zinatoa damu, na damu ikaingia kwenye sufu. Hurley, mzee anayekagua sufu na kuipanga kwa ubora, akaanza kutenga sufu za Merv pembeni. Hakumsema. Alikuwa akizitenga tu, na kila mtu bandani akiona.

Tulikuwa tumejaribu kila kitu. Krimu za kila rangi. Lami, naam, lami ya dawa, mpaka nyumba ikanuka kama barabara mpya. Kuna taa maalumu za mwanga, lakini ziko katika mji mkubwa, mwendo wa saa tano kwa gari, na zinataka mara tatu kwa wiki; hiyo ni kazi ya mtu asiye na kazi. Kuna vidonge vya Jumapili, vya kunywa mara moja kwa wiki, alivinywa miezi minane. Kila Jumatatu alikuwa akitapika nyuma ya banda, na mwishowe vipimo vya ini vikawa vibaya akaachishwa.

Kel akamjia Januari, wakati wa chai. Kel Hanrahan si mtu mbaya. Ana kichwa cha biashara na moyo wa kawaida.

"Mzee Merv," akamwambia, "Kooronga tunaanza mwisho wa Agosti. Wenye shamba wamelalamikia damu. Ukija na mikono imepona, namba mbili ni yako mpaka ufie hapo. Isipopona, nampa Ngaire."

Ngaire alikuwa amekaa palepale anakula keki yangu. Ni mwanamke wa Kimaori, katoka New Zealand na kundi la wanyoaji wenzake miaka saba iliyopita, wenzake wakarudi yeye akabaki. Ananyoa kama shetani, na Merv ndiye aliyemfundisha kuinama bila kuumiza mgongo.

"Mimi sitaki nafasi ya mtu," alisema. "Hiyo namba mbili ina harufu ya babu."

"Hutaki?" Merv akamuuliza. "Ukikataa nitakuvunja miguu. Akipewa Mwaustralia yeyote nitakufa kwa aibu."

Tukacheka wote. Merv alicheka kuliko sisi, akaficha mikono chini ya meza.

Ndipo tukasikia habari za sindano mpya. Mara mbili kwa mwaka, Machi na Septemba, anakuja kwetu kwa ndege ndogo daktari wa ngozi kutoka Sydney, Daktari Perera. Ni mama mfupi, wazazi wake wametoka Sri Lanka, na anavaa buti za shambani kubwa kuliko yeye. Siku zile alimwona Merv kupitia simu ya picha pale zahanati. Akasema zipo dawa mpya, si za kupunguza nguvu za mwili mzima kama vile vidonge, bali zinalenga kitu kimoja tu mwilini. Amewaona watu waliofunikwa mwili mzima wakabaki na ngozi safi ndani ya miezi minne. Bei yake mtu wa kawaida haiwezi, lakini serikali hulipa karibu yote, kwa sharti. Mgonjwa awe ameshindwa na dawa za zamani, na Merv alikuwa ameshindwa nazo vizuri sana. Halafu apimwe, apewe alama, na alama zizidi kumi na tano. "Nitakupima mwenyewe Machi," akasema.

Merv alirudi bandani ameshiba maneno.

"Kwa hiyo unachomwa sindano, basi unapona?" Ngaire alimuuliza.

"Sikiliza, mama, usikurupuke. Mwili wangu unadhani ngozi yangu ni adui, umesikia? Unatuma wajumbe kupiga kelele, vita, vita! Vidonge vya Jumapili vilikuwa vinawapiga wajumbe wote, mwenye kosa na asiye na kosa. Hii mpya ni geti la kuchambulia kondoo. Wanapita mmoja mmoja, wanapita, wanapita, anakuja yule mkorofi, geti paa! Anaingia zizi la peke yake. Wengine wanaendelea na safari."

"Na huyo mkorofi ana jina?"

"Ana herufi mbili na namba, kama kondoo dume wa maonyesho."

"Mwite Kel," Ngaire akasema, na Kel akamrushia biskuti.

Ngaire ana mpwa wake kwao mwenye pumu ya ngozi, mtoto wa miaka kumi na minne anayelala na glovu ili asijichune. Akauliza kama sindano hiyo itamfaa. Merv akaenda kumuuliza daktari, akarudi na jibu: la, pumu ya ngozi ina mkorofi wake mwingine, na geti lake jingine, nalo limeshapatikana. Alilisema kwa madaha utafikiri ametengeneza yeye. Sikuwa nimemwona ndugu yangu akieleza jambo mbele ya watu tangu azaliwe.

Sasa nifike kwenye sabuni.

Mtu wa mjini atashangaa tulikuwa wajinga kiasi gani. Lakini nyumba yetu ililea kondoo dume wa maonyesho. Kila mwaka, wiki ya maonyesho ya wilaya, mimi na Merv tulimwosha uso kondoo wa Baba, tukamsugua kwato, tukampunguza nywele za masikio, tukamfunika shuka asishike vumbi, kwa sababu Jumamosi majaji watampa alama. Alama za juu hupewa aliyetunzwa. Hilo tulilijua kabla ya kujua kusoma. Basi daktari aliposema atampima na kumpa alama, na alama ziwe za juu, vichwani mwetu ikaingia picha moja tu. Nilijua kwa akili kwamba alama ni za ugonjwa. Mikono yangu haikujua.

Machi ile Merv alikuwa ametoka moja kwa moja kwenye wiki tatu za kunyoa. Asubuhi ya siku ya daktari nilimjazia beseni kubwa maji ya vuguvugu, nikatia unga wa oti wa kulainisha ngozi ndani ya soksi yangu ndefu na kuizamisha humo, nikamwambia avue. Alikataa, nikamwambia nimemwosha akiwa na miaka miwili na hakuna jipya. Alikaa majini saa nzima. Nilimsugua mgongo kwa kitambaa, taratibu, duara kwa duara, magamba yakalegea yakaelea juu ya maji, nikayachota na kumwaga kwenye mawaridi. Halafu nikampaka mafuta ya zeituni, kichwa mpaka vidole.

"Rhonda," aliniita, macho amefumba. "Nimekuwa kondoo wa maonyesho."

"Utavikwa utepe wa bluu wa mshindi," nikamjibu.

Shati nililipiga pasi mara mbili. Nilikuwa na furaha, niseme ukweli. Miaka mingapi alikuwa haruhusu mtu amguse? Na ngozi ile ilipoa chini ya mikono yangu, nikajiona nimefanya kazi nzuri.

Daktari Perera alimpima kama Hurley anavyopima sufu, kipande kwa kipande. Kichwa, mikono, kiwiliwili, miguu. Kila mahali aliangalia wekundu, unene na magamba, akaandika tarakimu, akapiga picha. Kisha akajumlisha. Akajumlisha tena. Nikamwona anasoma kitu kwenye kompyuta ambacho nilikuwa na hakika amekwisha kukisoma.

"Kumi na mbili nukta nne," alisema.

Merv akanitazama mimi, kama nilikuwa najua hesabu.

"Bwana Pengelly, mwezi uliopita kwenye simu ulionekana mbaya kuliko hivi. Magamba yako wapi?"

"Nimeyatoa mimi," nikasema. Nililisema kwa fahari, Mungu anisamehe. "Nimemwosha asubuhi hii. Saa nzima."

Daktari alivua miwani yake. Hakutufokea, na afadhali angetufokea. Alisema magamba ni theluthi ya alama. Alisema hata unene umepungua, akauliza kama Merv amekuwa akipaka kitu. Merv akasema hapakagi kitu, ananyoa kondoo tu. Daktari akatazama mikono ile laini, akaelewa.

"Daktari, si unaweza kuongeza tu?" nikamwomba. "Alama tatu. Umemwona mwenyewe. Umeona viganja."

"Mama Pengelly, picha zinakwenda pamoja na fomu. Nikiandika ambacho hakipo, nitafungiwa kazi, na wagonjwa wangu wote wa huku watabaki bila mtu." Akavaa tena miwani. "Ningependa. Naomba uamini kwamba ningependa."

Niliamini, na haikunisaidia chochote.

Basi turudi kupimwa tena Septemba, akasema. Mwezi mzima kabla ya hapo asipake krimu kali, asisuguliwe, asitolewe magamba. Na wiki hizo nne asiingie bandani, kwa sababu ya yale mafuta. "Sikwambii ujiumize," alimwambia Merv, na uso wake ulikuwa mwekundu kuliko wa mgonjwa. "Nakwambia usijipambe."

Tulikuwa tayari kwenye gari Merv alipouona mtego. Septemba tarehe tisa ni daktari. Wiki nne kabla yake zinaimeza Agosti. Kooronga inaanza mwisho wa Agosti.

"Ili nipewe dawa ya kurudi Kooronga," alisema polepole, "lazima nisiende Kooronga."

Nikawasha gari. Nilitaka kusema samahani, nikasema tupitie duka la mkate.

Bandani walilichukua kama wanavyochukua kila kitu. Ngaire alisema, "Mzee umefeli kuumwa? Hata kuumwa?" Merv akamwambia atarudia mtihani, na safari hii atasoma. Wakacheka mpaka wakashika mbavu. Kel hakucheka sana. Alimpa Merv kazi ya Aprili, ya Mei na ya Juni, damu na yote, nadhani alizungumza na wenye mashamba mwenyewe. Ila Kooronga alisema hawezi, na sisi hatukumwomba.

Agosti Merv akahamia kwangu mjini. Nami nikamwambia Kel atafute mpishi mwingine, maana singeweza kukaanga nyama kule huku ndugu yangu anaoza peke yake hapa. Kwa sababu ndivyo ilivyokuwa, kuoza. Siku kumi za kwanza yalirudi mabaka ya viwiko. Kisha mgongo mzima ukawa ramani moja. Baridi ya mwaka huu ilikuwa kavu, na baridi kavu ndiyo rafiki wa ugonjwa huu. Kichwani palijaa hadi kwenye nyusi. Alilala juu ya mataulo. Kila asubuhi nilifagia chumba chake, na kila asubuhi kizoleo kilijaa, nikawa nakimwaga haraka ili asikione, akawa anajifanya hajakiona.

Mimi ni mtu wa mikono. Sijui kukaa. Mtu akilia nampikia, akiumwa namwosha. Mafuta ya zeituni nilimpa jirani ili yasiwe ndani ya nyumba. Merv alikuwa akijikuna kwenye fremu ya mlango kama ng'ombe, halafu anajikumbuka anaacha, anasimama tu, ametoa jasho na ni baridi. Nami niko jikoni naona. Nilikalia mikono yangu. Si kwa maneno tu. Niliiweka chini ya mapaja nikaikalia. Nilimchukia daktari siku hizo, nikaichukia serikali, nikamchukia Mama na kucha za Baba. Zaidi nilijichukia mwenyewe, maana haya yote yangekuwa yamekwisha, sindano ya kwanza angechomwa Aprili.

"Nisugue kidogo tu," alisema siku moja, mchana, wiki ya tatu. "Hapa tu, chini ya bega. Daktari hatajua."

"Siwezi, Merv."

"Najua huwezi. Nimesema tu."

Ngaire alipiga simu siku Kooronga ilipoanza, wakati wa chai ya saa nne. Nikaiweka simu mezani tusikie wote.

"Mzee, nimepewa namba mbili. Nasimama natazamana na baba yako."

"Anakutazama vibaya?"

"Ananitazama kama mkwe. Mama Rhonda, huyu mpishi mpya anatuua. Nyama yake unaweza kuvaa mguuni."

Tulicheka. Nyuma yake tukasikia kengele ya kipindi cha pili cha kazi, halafu mashine zote zikinguruma kwa pamoja, na Ngaire akasema lazima aende. Merv aliendelea kuinamia simu muda mrefu baada ya yeye kukata.

Asubuhi ya tarehe tisa niliamka nikajikuta bafuni, beseni liko chini, bomba nimelifungua. Sikumbuki nilivyofika. Nikafunga bomba, nikageuza beseni kifudifudi. Merv alivaa shati lake kuukuu lisilopigwa pasi. Zahanati ilijaa, na alipoketi magamba yalidondoka kwenye zulia, mwanamke mmoja akamsogeza mtoto wake. Palikuwa na ufagio kwenye kona. Niliutazama ufagio ule kama mlevi anavyotazama chupa.

Daktari Perera aliposhusha shati la Merv alivuta pumzi, kisha akafanya kazi yake. Kichwa, mikono, kiwiliwili, miguu. Wekundu, unene, magamba. Picha. Akajumlisha mara moja tu.

"Ishirini na sita nukta moja," alisema. "Umefaulu, Bwana Pengelly."

Na ndugu yangu, ambaye mwalimu alimsimamisha mbele ya darasa mpaka midomo ikapauka, ambaye hakuwahi kufaulu kitu chochote kilichoandikwa kwenye karatasi, alitabasamu. Kweli, alitabasamu, nyufa za mdomoni zikatoka damu. Mimi nilitoka nje nikalia kwenye maegesho.

Niliporudi daktari alikuwa akimweleza yaliyobaki. Fomu inakwenda leo. Jibu linaweza kuchukua wiki kadhaa. Wakati mwingine serikali huirudisha fomu kwa kosa dogo tu na kutaka apimwe upya, naye amepanga na muuguzi wa hapa ampige picha nyingine ikibidi. "Kwa hiyo vumilieni mpaka barua ije. Msibadilishe kitu." Alinitazama mimi aliposema hivyo, nami nikatikisa kichwa kukubali.

Kwenye gari Merv alisema, "Nipeleke Kooronga."

"Kufanya nini?"

"Kuona."

Ni kilomita tisini. Tulifika kipindi cha mwisho kinaanza, jua limeinama. Hakuna aliyesimamisha kazi, bandani hakuna anayesimamisha kazi, lakini kila mtu alimwona na kila mtu alisalimia kwa kidevu. Ngaire alimaliza kondoo aliyekuwa naye, akazima mashine, akamwelekezea Merv.

"Mmoja tu, mzee. Wa kunitia aibu."

Merv alinyoosha mkono kuipokea. Vidole vilifika vikaizunguka, na havikufunga. Alijaribu tena, nikaona damu ikichomoza kwenye kiganja, mstari mmoja, halafu wa pili. Akamrudishia.

"Ina moto," alisema. Ilikuwa imezimwa.

Ngaire akaichukua bila kumtazama usoni, akavuta kondoo mwingine. Ile sufu aliyokuwa ameimaliza ilikuwa imetandazwa juu ya meza ya Hurley, bado na joto la mnyama, inang'aa kwa mafuta. Merv akaiendea. Alisimama hapo kidogo. Kisha akakunja mikono ya shati, akaizamisha mikono yote miwili ndani ya sufu mpaka juu ya viwiko, akafumba macho.

Hurley alikuwa upande wa pili wa meza. Aliiona damu ikiingia kwenye sufu nyeupe, sufu ya daraja la kwanza. Alirudi nyuma hatua moja, akawaashiria wasaidizi wake sufu zinazofuata zipelekwe meza nyingine.

Mimi nilipaswa kumkataza. Barua haijaja mpaka leo ninapoandika, wiki ya tano, na ikirudi fomu atapimwa upya, na yale mafuta yatakuwa kosa langu la pili. Nilikuwa nimesimama mlangoni, hatua sita kutoka kwake, na maneno ninayo mdomoni. Mashine zilikuwa zinanguruma. Merv alikuwa akipumua kama mtu aliyelala. Nilitazama saa ya ukutani, kipindi kilikuwa kimebakiza saa moja na robo, nikamwacha mpaka kengele ilipolia.